Ukiambiwa mgonjwa wako aingie kwenye utafiti wa dawa za saratani ya damu, unaombwa nini hasa?

Juzi jioni nilikuwa ufukweni Bagamoyo pale soko la samaki, nasubiri changu wangu akaangwe, mara shoga yangu mwenye karai pale akaniita pembeni. Akafuta mikono kwenye kanga, akachomoa bahasha ya kaki chini ya meza. Ndani kuna fomu, kurasa nane, Kiswahili cha kiofisi kile, na mwisho kuna mstari wa saini na kiboksi cha dole gumba. Mdogo wake wa mwisho ana saratani ya damu, anatibiwa Dar, na daktari kamwambia kuna utafiti wa dawa anaweza kuingia akipenda. "Shoga, wewe si ndo mwanao alikuwa kwenye ile chanjo ya malaria? Hebu nambie ukweli, hawa wanataka kumfanya mdogo wangu panya?"

Nikamjibu hapana. Alafu usiku nimelala nikaona hapana yangu haijamsaidia kitu, nimempa moyo tu sikumpa maelezo, na mtu anayewekewa kalamu mbele anahitaji maelezo. Kwahiyo nayaandika hapa, kwa ajili yake na yeyote mwenye bahasha kama ile kwenye pochi.

Niseme kwanza kuhusu hofu, maana sio ya kijinga. Sisi wa pwani tumekua tunatishwa na mumiani, yule mtu wa usiku anayekamata watu awatoe damu ikatengenezewe dawa, na maneno hayo yalienea Afrika Mashariki toka wakati wa mkoloni. Sasa anakuja mtu na gari, ana vichupa vya damu, anasema yeye ni wa utafiti, bibi yako atafikiria nini? Na sio hadithi tu. Kule Tuskegee Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972, watu wa afya wa serikali waliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipopatikana na ikajulikana inaponya, wao wakaachwa ionekane ugonjwa unavyomla mtu, na wenyewe hawakuambiwa. Madaktari wa Wanazi walishafanya ya kwao kwenye makambi, ndo zikaja kanuni za kulinda watu kwenye utafiti, Kanuni ya Nuremberg 1947, alafu Azimio la Helsinki 1964, na Tuskegee ilipofichuka masharti yakakazwa zaidi. Ile fomu ya kurasa nane inayochosha kusoma imetoka huko. Kila ukurasa una watu nyuma yake walioumizwa.

Sasa ugonjwa wenyewe. Damu inatengenezwa kwenye uloto, ule ute wa ndani ya mfupa ambao kwenye supu tunaugombania. Uloto ukivurugika unaanza kumwaga seli nyeupe changa zisizojua kazi, zinajaa, zinabana wenzao, seli nyekundu zinapungua mtu anapauka anaishiwa pumzi, chembe za kugandisha damu zinapungua fizi zinavuja na mwili unavilia damu bila mtu kuanguka. Hiyo ndo lukemia, na ina aina zake, kuna inayokwenda mbio wiki chache tu hali imebadilika, hiyo wanaiita kali, na kuna inayotambaa miaka, hiyo wanaiita sugu. Seli za kinga zikiharibikia kwenye tezi ni limfoma. Zile zinazotengeneza kingamwili zikiharibikia kwenye uloto ni mieloma, hiyo zaidi ya watu wazima, inatafuna mifupa na kuumiza figo. Na kwa sababu dalili nyingi zinaanza na homa, kwetu mtoto anaweza kumeza dawa ya malaria mara tatu nne kabla mtu hajasema jamani hebu tupime picha nzima ya damu. Homa inayorudi, kupauka, fizi kuvuja, mifupa kuuma usiku, tezi kuvimba, ukiona hivyo vimeandamana omba hicho kipimo.

Kuna kitu nataka mkione kwa macho. Lile ua dogo la pinki au jeupe (kitaalamu Catharanthus roseus), petali tano, kajicho katikati, jani linang'aa na mstari mweupe unapita kati, linaota kwenye mchanga wenye chumvi pembeni ya msingi wa nyumba na hakuna anayelimwagilia. Asili yake Madagaska, limeenea pwani yote, Bagamoyo ukitoka nje ya mlango halikosekani. Huko Jamaica watu walikuwa wanachemsha majani yake wakiamini yanashusha kisukari, watafiti wa Kanada miaka ya 1950 wakayachukua wapime sukari, sukari haikushuka lakini panya waliochomwa ile dawa seli zao nyeupe zikaporomoka. Mwingine angetupa. Wao wakajiuliza, kama inaangusha seli nyeupe, si ndo tunachotaka kwa mwenye lukemia? Kwenye ua hilo ndo zikatoka vinblastini na vinkristini, na vinkristini mpaka leo mtoto mwenye lukemia kali anachomwa, iwe Muhimbili iwe London. (Msiende kuchemsha majani nawaomba, ni sumu, na dawa yenyewe inachujwa kwenye majani mengi mno kupata kiasi kidogo mno, kipimo chake kinahesabiwa kwa miligramu.)

Lakini kutoka kwenye ua mpaka kwenye dripu kulipitwa wapi? Hapo ndo utafiti kwa wagonjwa unapoingia. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston alitoa taarifa ya watoto 16 wenye lukemia kali waliopewa dawa iitwayo aminopterini, 10 wakapata nafuu ya kuonekana, mtoto aliyekuwa hanyanyuki anacheza. Nafuu ikadumu miezi, ugonjwa ukarudi. Waliosikia wengine walimpinga, wakaona anarefusha mateso ya watoto. Ila ilishajulikana kwamba dawa inaweza kuugusa ugonjwa huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Emil Frei na Emil Freireich pale taasisi ya saratani ya Marekani wakatoa dawa nne kwa mpigo, ikiwemo ya lile ua letu, na Donald Pinkel kule Memphis akaona ugonjwa unajificha kwenye ubongo akatibu na huko, mwisho wa miaka ya 60 karibu nusu ya watoto wake wakawa wanapona. Leo kwenye nchi tajiri watoto tisa kwa kumi wenye aina hiyo, lukemia kali ya limfoblasti, wanaishi miaka mitano na zaidi. Na hapo katikati hakuna dawa moja ya ajabu iliyogunduliwa, asikudanganye mtu. Ni utafiti juu ya utafiti, huu unauliza dozi ngapi, ule unauliza miaka miwili au mitatu, mwingine unauliza tukipunguza mionzi ya kichwa madhara kwa mtoto yatapungua au ugonjwa utarudi. Mzazi aliyesaini 1965 ndo aliyemponya mtoto wa leo. Mara nyingi wa kwake hakupona, na hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Na tusidhani ni mambo ya wazungu tu. Ile saratani ya taya inayovimbisha uso wa mtoto, limfoma ya Burkitt, ilielezwa na daktari Denis Burkitt akiwa Mulago Kampala mwishoni mwa miaka ya 1950. Alisafiri kwa gari nchi hizi za Afrika akiuliza hospitali moja moja mmeiona, hamjaiona, akakuta inafuata maeneo ya joto na mvua, yaani ramani yake ni kama ramani ya malaria. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kikaonekana kwenye seli za uvimbe uliotoka Uganda. 1967 ikafunguliwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na hapo hapo, kwa watoto wa Afrika Mashariki, wakalinganisha tiba ya dawa moja na ya mchanganyiko. Dunia imejifunza mengi ya kutibu limfoma kutoka kwa watoto hao.

Haya, sasa ule mpangilio wenyewe wa hatua. Nitatumia dawa moja ili msichanganyikiwe: imatinibu, inayouzwa kama Glivec, ya ile lukemia ya kutambaa inayoitwa sugu ya mieloidi. Ugonjwa huo una kosa moja linalojulikana, kromosomu mbili, yaani vifurushi vya maagizo ndani ya seli, zimebadilishana vipande, na pale zilipoungana linazaliwa agizo la seli kuzaliana bila kusimama. Dawa ilitengenezwa izibe agizo hilo. Mwaka 1998 daktari Brian Druker wa Marekani na wenzie wakaanza hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza swali lake ni moja, dozi gani mwili unaivumilia, unaanza na kidogo unapanda taratibu kwa watu wachache, na kwenye saratani watu hao kwa kawaida ni wagonjwa ambao tiba ya kawaida imeshindikana. Waliofikia miligramu 300 kwa siku na kuendelea walikuwa 54, na 53 hesabu ya damu yao ikarudi sawa. Hiyo ni ajabu, msiichukue kama mfano wa kawaida, hatua ya kwanza nyingi zinaishia kwa wachache kupata nafuu na wengine kutopata kitu. Hatua ya pili inauliza je inafanya kazi kwa ugonjwa huu. Hatua ya tatu inauliza swali gumu zaidi, je inaishinda tiba tuliyonayo? Wakachukuliwa wagonjwa 1,106 nchi mbalimbali, kompyuta ikawagawa kama kupiga kura, nusu imatinibu, nusu tiba ya zamani ya sindano za intaferoni na dawa nyingine juu yake. Baada ya mwaka na nusu kosa la kromosomu lilikuwa halionekani tena kwa watu 76 kati ya mia upande wa imatinibu, upande wa pili 14 au 15. Na waliokuwa upande wa pili wasipopata nafuu au wakishindwa kuvumilia sindano waliruhusiwa kuhamia, wengi wakahamia. Hapa kwetu wapo walioipata dawa hiyo bure Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kupitia mpango wa msaada, ugonjwa uliokuwa hukumu ukawa wa kumeza kidonge kila siku.

Watu wengi wanakwama kwenye kura ya kompyuta. "Yani mdogo wangu anaweza kupewa maji?" Hapana, na hapa niende polepole. Mwanangu alipoingia kwenye chanjo ya malaria 2009 alikuwa na miezi saba. Utafiti ule ulikuwa na watoto 15,459 kwenye vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Bagamoyo kimoja na Korogwe kimoja. Nesi alikuwa anachoma sindano hajui anachoma nini, mie nimempakata sijui, kwa sababu ukijua mtoto kapata chanjo ya kweli utaanza kuzembea chandarua, na daktari naye ataiangalia homa yake kwa jicho lingine. Lakini watoto wa umri wa wangu ambao hawakupata ya malaria walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kitu chenye faida yake. Hakuna aliyechomwa maji akaambiwa nenda.

Kwenye saratani ni zaidi ya hapo. Kundi linganishi linapata tiba iliyopo, ile ile ambayo mgonjwa angepewa utafiti usingekuwepo, na plasebo, yaani dawa tupu isiyo na kitu ndani, ikitumika kwa kawaida inawekwa juu ya tiba hiyo haichukui nafasi yake. Mfano wazee wenye lukemia kali ya mieloidi wasioweza kemo nzito, yaani zile dawa kali za kuua saratani, 431, wote walipewa dawa iitwayo azasitidini, tofauti ni nani kaongezewa venetoklaksi na nani kaongezewa kidonge kitupu. Walioongezewa dawa waliishi kwa wastani wa kati miezi 14.7, wengine 9.6, matokeo yalitoka 2020. Miezi mitano. Kuna watakaosema ni kidogo, mie nasema muulize babu anayesubiri mjukuu azaliwe.

Hatari ipo, na atakayekwambia haipo mkimbie. Machi 2006 London vijana sita wazima walichomwa dawa mpya, TGN1412, iliyokusudiwa lukemia aina mojawapo na ugonjwa wa viungo. Ndani ya saa chache kinga zao ziliwaka moto, viungo vikaanza kufeli, wote wakaishia chumba cha uangalizi maalumu. Walipona kwa maana ya kubaki hai. Baada ya hapo dozi ya kwanza haigawiwi watu wote siku moja, anachomwa mmoja anasubiriwa. Upande mwingine kuna Emily Whitehead, binti wa Marekani mwenye lukemia iliyorudi mara mbili, 2012 akiwa na miaka sita akawa mtoto wa kwanza kupewa tiba ambayo wanachukua seli zake mwenyewe za kinga, wanazifundisha maabara kuitambua saratani, wanamrudishia. Naye kinga ilimlipukia, akawekwa kwenye mashine, karibu aondoke, mpaka madaktari wakajaribu dawa ya ugonjwa wa viungo ikamtuliza. Miaka kumi baadae alikuwa hana saratani. Utafiti uliofuata watoto na vijana 75 walipewa tiba hiyo, 81 kwa mia saratani ikatoweka kwenye vipimo ndani ya miezi mitatu, na 2017 Marekani ikaidhinisha. Mlango wa hatari na mlango wa tiba mpya ulikuwa ule ule.

Kuna jambo lingine linanikera na halisemwi vya kutosha. Sisi Waafrika weusi wengi tuna seli nyeupe za nutrofili, zile zinazopigana na bakteria, chache kiasili, sio ugonjwa, ni kwa sababu ya alama fulani kwenye seli nyekundu, inaitwa Duffy, ambayo wengi wetu hatuna, na kutokuwa nayo kuliwakinga mababu zetu na aina mojawapo ya malaria. Sasa tafiti nyingi zinaweka sharti nutrofili ziwe 1,500 na kuendelea kwa kila maikrolita ya damu ndo uingie, sharti lililopangwa kwa damu za Ulaya, mtu mwenye afya kabisa wa Kaole hapa jirani anapimwa ana 1,200 anaambiwa hufai. Au yuko kwenye kemo anapunguziwa dozi bila sababu. Dawa inakuja kwetu ikiwa imeshapimwa kwa watu ambao damu yao haikai kama yetu. Kwahiyo mtu akisema tafiti zisiletwe Afrika kwa sababu tutafanywa panya, namwelewa, lakini tusipokuwemo tunalipa pia.

Ulinzi wa hapa kwetu uko hivi. Utafiti wa dawa Tanzania bara hauanzi mpaka kamati ya maadili ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, iupitishe, na TMDA wanaosimamia dawa watoe kibali chao, na taasisi yenyewe nayo inakuwa na kamati yake. Kunakuwa na kundi huru la wataalamu linalotazama matokeo utafiti ukiendelea, likiona dawa inaumiza au inaponya wazi wazi kuliko nyingine linaweza kushauri usimamishwe. Fomu lazima iwe kwa lugha unayoijua, asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi anayemwamini yeye, alafu ndo dole gumba. Una haki ya kwenda nayo nyumbani. Unatoka siku yoyote unayotaka na matibabu yako ya kawaida yanaendelea pale pale, ukiona mtu anakutisha kwamba ukitoka hutibiwi, huyo kavunja sheria, namba ya kamati ya maadili iko kwenye fomu hiyo hiyo, piga.

Nilirudi kwa shoga kesho yake mchana, karai bado halijawashwa. Nikamwambia usiulize kwanza kama dawa mpya inaponya, maana wangekuwa wanajua wasingefanya utafiti. Uliza hivi: mdogo wangu akikataa, atapata nini? Kama jibu ni atapata tiba nzuri inayojulikana inaponya wengi, basi hana haraka, apime vizuri. Kama jibu ni tumeshamaliza tulichonacho, basi hesabu inabadilika. Alafu uliza ni hatua ya ngapi, kwa sababu hatua ya kwanza na ya tatu ni safari mbili tofauti. Uliza nani analipa nauli na vipimo vya ziada na kama ana bima akiumia, maana Bagamoyo mpaka Dar kila wiki ni hela, na matibabu ya damu yanavunjwa na nauli mara nyingi kuliko yanavyovunjwa na ugonjwa. Na uliza utafiti ukiisha na dawa inamsaidia, ataendelea kuipata au wanafunga mabegi?

"Niandikie," akasema. Nikaandika nyuma ya bahasha, maswali manne, kalamu inateleza palipo na mafuta ya samaki. Akasoma kwa sauti, akafika mwisho, akaniuliza sasa mie nikiridhika nasaini wapi.

Nikamwonyesha jina kwenye mstari. Mdogo wake ana miaka ishirini na sita, saini ni yake.

Akanyamaza kidogo. "Mie nimemlea toka mama afariki."

"Najua shoga. Kaa naye wakati anauliza."

Asubuhi yake akapanda basi la kwanza la Makumbusho, bahasha kaifunga kwenye pindo la kanga.